Kupata kipimo cha trei ya kashata kwa vigawo

Mama mmoja muuza kashata alikuja kwenye kibanda cha baba yangu, Ngamiani, Tanga, na kipande cha bati cha sentimita 30 kwa 20. Alitaka trei itakayotoa vipande 66 vya sentimita 2 kwa 2, apate pakiti 11 za vipande sita sita. Trei ya bati hutengenezwa kwa kukata mraba kila pembe, kisha kingo zinakunjwa kwenda juu. Swali: ukate mraba wa ukubwa gani?

Anza na eneo. Kipande kimoja kina sentimita za mraba 4, kwa hiyo kitako kiwe 66 × 4 = 264.

Mraba tunaoukata uwe x kwa x. Hapa ndipo watu wanapoharibu bati, na mimi niliwahi kuliharibu. Niliandika (30 − x)(20 − x) = 264, nikapata 8, nikakata. Kitako kikabaki 14 kwa 4: vipande 14 tu! Kila upande una pembe mbili, basi unapungua 2x. Chora bati kwanza kwenye karatasi, utaona mwenyewe:

(30 − 2x)(20 − 2x) = 264

Usikimbilie kusema bano hili ni sawa na 264. Hila ya vigawo, yaani kuuandika mlinganyo kama mabano mawili yanayozidishwa, inafanya kazi kwenye sifuri peke yake, maana namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Fungua mabano, hamisha 264, kisha gawanya kila kitu kwa 4:

4x² − 100x + 336 = 0
x² − 25x + 84 = 0

Sasa tafuta namba mbili ambazo zao lake ni 84 na jumla 25. Pitia kwa mpangilio: 1 na 84, 2 na 42, 3 na 28, 4 na 21. Hizo za mwisho ndizo.

(x − 4)(x − 21) = 0

Kwa hiyo x ni 4 au 21. Wanafunzi wangu wamezoea kutupa jibu hasi na kubaki na chanya, lakini hapa yote mawili ni chanya. Weka 21 uone: 30 − 42 ni −12, 20 − 42 ni −22, na −12 × −22 ni 264 kamili. Mlinganyo umeridhika. Bati ndilo linalokataa, kwa sababu huwezi kukata sentimita 21 mara mbili kwenye upande wa 20. Ndiyo maana nasisitiza kila jibu lirudishwe kwenye umbo lenyewe.

Tukabaki na 4. Nilichora mistari kwa msumari, baba akakata kwa mkasi wa bati na kukunja kwa nyundo. Kitako 22 kwa 12, kina sentimita 4. Vipande 11 kwa 6.

Angetaka vipande 60 ingekuwa x² − 25x + 90 = 0, na hakuna namba nzima mbili zinazokubali. Hapo unatumia kanuni ya jumla ya kutatua milinganyo yenye x². Lakini aliporudi alitaka 84: eneo 336, x² − 25x + 66 = 0, namba 3 na 22. Tukakata 3.