Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukata Kipandikizi cha Asumini

Mwasumini wa pwani, ule wenye maua meupe yanayofunguka jioni na kutiwa katika vikuba, vile vishada vya maua vya kujipambia, huoteshwa kwa kijiti, kwani aina yenye petali nyingi aghalabu haizai mbegu. Anayeutaka humwomba jirani tawi, na kwa kawaida hanyimwi. Taabu ni kwamba wengi hulipokea tawi kwanza, ndipo wakaanza kutafuta mchanga, viriba (vifuko vya kuoteshea miche) na kivuli, na muda wote huo kijiti, ambacho hakina tena mizizi ya kukivutia maji, kinazidi kunyauka. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kila kitu kiwe tayari kabla mkasi haujagusa mti.

Msimu unaofaa zaidi ni wa mvua, yaani masika kuanzia Machi hadi Mei, au vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa sababu hewa yenye unyevu hupunguza maji yanayopotea kupitia majani. Mahali pa kuweka viriba pawe chini ya mwembe au banda la makuti, pasipopigwa na jua la mchana wala upepo, lakini penye mwanga wa kutosha mtu kusoma barua bila taa.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni mchanga. Mara ya kwanza nilichota wa ufukweni, mweupe na laini, nikaamini kwamba usafi wake unatosha. Baada ya wiki mbili vijiti vyote kumi na viwili vilikuwa vyeusi upande wa chini, na majani yamekauka kuanzia kingoni. Chumvi ndiyo iliyoviua. Tangu hapo natumia mchanga wa mtoni, ninaouosha mpaka maji yatoke meupe, kisha nauchanganya na mboji iliyooza kabisa, mchanga sehemu mbili kwa mboji sehemu moja. Samadi mbichi isitiwe, kwani huunguza. Kabla ya kujaza viriba, fumbata mchanganyiko uliolowa kiasi: ukifungua kiganja, bonge libaki limeshikana, na likiguswa kwa kidole limomonyoke. Likibaki gumu kama tope, ongeza mchanga. Maji nayo yaonjwe, kwa kuwa visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa ni bora zaidi.

Mkasi uwe mkali, na makali yake yapanguswe kwa spiriti. Kisu butu huponda gamba badala ya kulikata, na palipopondeka ndipo uozo unapoanzia.

Siku moja kabla, mwombe mwenye mti aumwagilie vizuri jioni, kisha uukague mchana kungali na mwanga. Geuza majani utazame chini yake. Ukiona vidung'ata, ule unga mweupe kama pamba, tafuta mti mwingine, maana wadudu hao utawahamishia nyumbani. Tawi linalofaa si lile changa la kijani linalolegea, wala lile kuukuu lenye gamba la kijivu, bali la katikati yake, ambalo ukilipinda hukubali kidogo kisha hukurudishia nguvu mkononi.

Kata alfajiri, vipande vya sentimita 10 hadi 15 vyenye vifundo vitatu au vinne, yaani pale majani yanapochomoza, na ukate chini kidogo ya kifundo, kwa kuwa hapo ndipo mizizi hutokeza kwa wepesi. Vifunge katika kitambaa chenye maji mpaka ufike nyumbani. Ondoa majani ya chini na kila tumba la ua, hata kama roho inauma, kisha zamisha angalau kifundo kimoja katika shimo ulilokwisha kulitoboa kwa kijiti kingine. Funika kiriba kwa mfuko wa plastiki ulioinuliwa kwa vijiti ili usiguse majani, na uufunue kidogo kila siku hewa ibadilike.

Jitayarishe pia kusubiri, kwani mizizi huchukua wiki nne hadi nane. Chipukizi la kijani likitokea mapema lisikudanganye ukang'oa kutazama. Kijiti huweza kuchipua kwa akiba iliyomo ndani yake kabla hakijatoa mzizi hata mmoja. Kagua matundu ya chini ya kiriba, na usihamishe mche mpaka uone nyuzi nyeupe zikichungulia hapo.