Kabla Hujamshusha Sherlock Holmes Stesheni ya Moshi

Msomaji wa hadithi za mashabiki, zile anazotunga mtu aliyempenda mhusika wa mwandishi mwingine akaamua kumzulia kisa kipya, ana masharti yake. Mwambie Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni kutoka London, kavuka bahari kuja Kilimanjaro kumtafutia Mangi, chifu wa Wachagga, mkufu ulioibwa, atakubali bila ubishi. Mwambie alikuja mwaka 1913, hapo umempoteza. Kwa hiyo kama kisa chako kimeshaiva na kidole kiko juu ya kitufe cha kuposti, subiri kwanza.

Anza na kalenda ya mhusika mwenyewe. Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyemuumba, alimstaafisha Holmes mapema miaka ya 1900 na kumpeleka Sussex, kusini mwa Uingereza, kufuga nyuki. Agosti 1914 anaibuka tena kumnasa jasusi wa Kijerumani, na anaeleza kwamba kazi hiyo ilimla miaka miwili, tangu Chicago hadi Ireland, akijiita Altamont. Basi 1913 ina mwenyewe. Kwa upande wetu, reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Ukitaka ashuke kwenye treni, umebakiwa na kipande kidogo tu: mwishoni mwa 1911 au miezi ya mwanzo ya 1912. Ukichagua Aprili, ni masika. Njia ni tope tupu na mlima unaweza kujificha siku kadhaa. Nchi iko chini ya Wajerumani, hivyo mfukoni awe na rupia, si shilingi. Na umri je? Doyle anamtaja kuwa mtu wa miaka sitini mwaka 1914, kwa hiyo usimkimbize kutoka Machame hadi kwenye barafu kabla ya chai ya jioni. Mpeleke kwa mzee mwenye mizinga ya nyuki huko migombani. Hapo Holmes atakuwa yeye mwenyewe, na sura nzima itajiandika.

Baada ya hapo sikiliza mdomo wake. Ile kauli maarufu, “Elementary, my dear Watson”, ya kumwambia Watson, daktari rafiki yake anayesimulia visa vyake, kwamba jambo ni jepesi haimo, kwa maneno yale, katika hadithi yoyote ya Doyle. Imetoka kwa waliokuja baadaye. Ukiiweka kila ukurasa, msomaji anajua umemjulia Holmes kwenye runinga. Watson naye ana jeraha la vita vya Afghanistan ambalo katika hadithi ya kwanza liko begani, ya pili likahamia mguuni. Mashabiki wamelibishania miaka nenda rudi. Chagua moja ushikilie hilo hilo, asichechemee sura ya tatu kisha sura ya tano abebe gunia la kahawa kama kuli.

Kinachoudhi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni mhusika kubadilika tabia kwa sababu tu mwandishi anataka abadilike. Holmes aliyeishi miaka yote bila kuoa, mwenye ulimi mkali na subira ndogo, anafika Moshi Jumatatu na Jumatano analia machozi ya mapenzi chini ya mgomba. Anaweza kupenda, sikatai. Lakini onyesha kilichomvunja, taratibu, na aone aibu kidogo. Mara nyingi aliyempenda ni binti mwandishi aliyejiumba: mrembo kupita wote, anajua lugha sita, anatatua kesi kabla ya mpelelezi. Mashabiki walishampa binti huyo jina la Mary Sue tangu 1973, katika kisa cha Paula Smith cha kuwakejeli waandishi wa aina hiyo. Mpe binti yako kosa moja lenye gharama.

Sasa mahali. Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, iko kaskazini mwa Moshi, kwa hiyo jua halichomozi nyuma yake hata kama sentensi inapendeza. Hadithi ikihamia Arusha, mlima unaosimama juu ya mji ni Meru. Kuna watu wanaochora Kilimanjaro nyuma ya Mnara wa Saa wa Arusha kama pazia la studio ya picha. Kichagga cha Rombo si cha Machame, usimfanye kila Mchagga amwelewe mwenzake neno kwa neno. Mtori ni supu ya ndizi na nyama, mbege ni pombe ya ndizi na ulezi. Kuvichanganya ni kujitafutia maneno.

Na heshima. Kijana wa miaka kumi na minane hamwiti mzee wa miaka sabini kwa jina tupu, wala hamkatizi akiwa anaongea ili hadithi iende mbio. Atasalimia, atasubiri, ataulizwa ni mtoto wa nani. Holmes atakereka na kuchelewa huko, na huo mkereko ndio utamu wa ukurasa; mwache Watson amtulize.

Kabla ya kuposti, tafuta wasomaji wawili: mmoja anayemjua Holmes kwa kichwa, mwingine aliyekulia huko mlimani. Usiwaambie unaogopa nini. Wakigongana, kwenye maneno ya Holmes msikilize wa kwanza, na kwenye kata ya mbege usibishane na wa pili.