Pumzi ya kutuliza moyo ukiwa kwenye hiace

Hiace ya Moshi bado imesimama stendi Arusha, konda anaita abiria, na moyo wako unakwenda mbio. Weka kiganja juu ya kitovu. Vuta hewa puani ukihesabu hadi 4, tumbo lisukume kiganja, mabega yasipande. Toa taratibu hadi 6, midomo ikibana kama unapoza chai. Rudia mara 10, haifiki hata dakika 2. Kazi kubwa iko kwenye kutoa: hapo ndipo mapigo hupungua kasi. Wengi huvuta kwa nguvu na haraka, hewa ukaa inapungua mno mwilini, kizunguzungu kinaanza, vidole vinapata ganzi. Ikitokea hivyo, acha, pumua kawaida. Na baridi ile ya Julai, usivutie mdomoni, koo litakauka.