Namna ya Kuwapokea Ng'ombe Wapya Katika Zizi la Kunenepesha

Ng'ombe anaposhuka kwenye lori huwa amekwisha kupata misukosuko mingi: ametengwa na kundi lake, pengine ameachishwa kunyonya siku chache tu zilizopita, na amesimama saa nyingi bila maji wala malisho huku akibanwa na ng'ombe asiowajua. Misukosuko hiyo hudhoofisha kinga ya mwili, na bakteria ambao kwa kawaida hukaa puani na kooni bila madhara, kama vile Mannheimia haemolytica, hushuka mapafuni na kusababisha nimonia. Kwa hiyo wiki 3 au 4 za mwanzo ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote.

Zizi liwe tayari mapema, likiwa kavu, lina kivuli na matandiko safi. Washushe taratibu, bila fimbo wala kelele. Mchungaji akisimama ubavuni na kusogea nyuma ya bega la ng'ombe, mnyama huenda mbele. Akisogea mbele ya bega, husimama au hurudi nyuma.

Wape kwanza maji safi na nyasi kavu nzuri. Ndama aliyezoea kunywa mtoni huenda asilitambue birika, hivyo yaache maji yatiririke kidogo ili ayasikie. Ng'ombe wageni huzunguka wakiambaa na ua, kwa hiyo hori na birika vikiwekwa kando ya ua huo watavikuta wenyewe. Wapumzike angalau usiku mmoja kabla ya kuchanjwa, kupewa dawa ya minyoo na kuvalishwa hereni. Kuhasi na kukata pembe, kwa maoni yangu, kungoje mpaka wawe wanakula vizuri, kwa sababu maumivu hayo huongeza mzigo juu ya mzigo.

Siku za kwanza watakula kidogo, na mfugaji hushawishika kuwajazia nafaka ili wanenepe upesi. Jambo hilo ni la hatari: vijidudu vya tumboni vilivyozoea nyasi haviwezi kuhimili wanga mwingi wa ghafla, tumbo hujaa asidi, na mnyama huacha kula, huharisha, hata hufa. Anza na nyasi, kisha ongeza nafaka kidogo kidogo kwa muda wa wiki 3 hivi.

Kila asubuhi watazame kwa mbali kabla hujaingia zizini, maana ng'ombe huficha ugonjwa anapomwona mtu karibu. Mtafute aliyebaki nyuma wenzake wanapokwenda horini, aliyeinamisha kichwa, masikio yamelegea, makamasi yanamtoka, na ubavu wa kushoto umebonyea kwa kukosa chakula. Mpime joto kabla jua halijawa kali. Likifika nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi, mtenge na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Andika namba ya hereni, dawa aliyopewa na tarehe, ili asichinjwe kabla ya muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye dawa kwisha.