Somo: Jinsi ya kupima risasi inayopatana na bunduki yako (risasi ndogo ya .22 LR, mita 50)

Habari zenu wanachama. Swali la "risasi gani inalenga vizuri zaidi?" haliishi humu, na jibu halipatikani dukani. Bunduki mbili za aina moja, kiwanda kimoja, kila moja inaweza kupenda risasi yake. Ndiyo maana watengenezaji wa risasi Eley na Lapua wana vituo ambako mlengaji hupeleka bunduki yake, ikapimwa kwa bechi mbalimbali (bechi ni risasi zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja), naye akanunua bechi iliyofanya vizuri. Sisi tulio mbali na vituo hivyo tupime wenyewe, ila tupime kweli.

Hatua ya 1: Soma namba ya bechi. Jina kwenye kasha halitoshi. Bechi mbili za jina moja zihesabu kama risasi mbili. Kwenye .22 LR kiwashio kimo ndani ya ukingo wa ganda, na kiwandani huzungushwa kikiwa kibichi ili kienee ukingoni. Kisipoenea sawasawa, baruti haiwaki sawasawa na kasi hupanda na kushuka. Risasi mbili zikipishana kasi kwa mita 10 kwa sekunde, kwenye mita 50 zitapishana wima kama milimita 7. Duara la kumi, lile la katikati ya shabaha, lina kipenyo cha milimita 10.4 tu!

Hatua ya 2: Mkono wako usiingie kwenye hesabu. Kaa mezani, mfuko wa mchanga mbele na mwingine chini ya kitako, mtutu usiguse kitu. Weka vibendera vya upepo, piga vikiwa vimelala namna ile ile. Boliti (komeo linalofunga risasi ndani ya bunduki) ibaki wazi na hakuna anayekwenda kwenye shabaha kabla msimamizi wa uwanja hajaruhusu.

Hatua ya 3: Ukibadili aina, piga kwanza risasi 10 hadi 20 bila kuzihesabu. Kila kiwanda kina mafuta au nta yake, na mtutu unahitaji kuzoea.

Hatua ya 4: Piga za kutosha. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mtu anapiga tatu, matundu yanagusana, anapiga picha, anatangaza mshindi. Risasi tatu hazisemi kitu. Kwa risasi ile ile na bunduki ile ile, upana wa kundi la matundu kumi kwa wastani ni kama mara 1.6 ya upana wa kundi la matatu, kwa sababu tu umeipa bahati nafasi zaidi ya kujionyesha. Kwa hiyo usilinganishe kundi la tatu la mwenzako na la kumi lako. Mimi napendekeza makundi matano ya risasi kumi kwa kila aina. Siku nyingine rudia ukianzia na aina uliyomalizia.

Hatua ya 5: Pima. Chukua upana kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kisha toa kipenyo cha tundu moja. Usitoe milimita 5.6 za kichwa cha risasi: karatasi hujirudi, tundu huwa dogo kuliko hapo. Pima tundu lililo peke yake kwenye karatasi hiyo hiyo. Mwenye subira atafute katikati ya kundi, apime umbali wa kila tundu kutoka hapo, achukue wastani. Njia hii ni bora, maana matundu yote kumi yanatoa ushahidi, si mawili tu.

Tuseme aina A imetoa wastani wa milimita 12 na B 13, lakini makundi ya zote yanacheza kati ya 9 na 16. Hapo hakuna mshindi. Nunua ya bei nafuu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, risasi za kasi kubwa si ndizo zinazonyooka zaidi?
Hapana, ndugu yangu. Za mashindano hutoka kwa kama mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Zile za kasi huanza juu ya kasi ya sauti, hupunguzwa mwendo haraka na hewa, na upepo wa pembeni huzisukuma zaidi kuliko zile za polepole. Wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Mwalimu, natumia bunduki ya .308, yenye risasi kubwa zaidi, kwa mita 300. Somo linanifaa?
Linakufaa, ila acha mtutu upoe kati ya kundi na kundi. Na kama unajitengenezea risasi mwenyewe, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: ama baruti, ama kichwa.

Risasi ni ghali. Hamsini kwa kila aina siziwezi, nifanyeje?
Anza na ishirini kwa kila aina, makundi manne ya tano. Iliyo mbaya wazi itajionyesha, iache. Risasi zilizobaki zitumie kwa mbili zinazokaribiana. Na usifute tundu lililopotoka eti "hilo lilikuwa kosa langu", isipokuwa ulilitamka kabla ya kulitazama kwenye darubini. Karatasi zote zitunze, na namba ya bechi iandike nyuma kabla hujaibandua kwenye fremu.