Jinsi ya kubadilisha futi, inchi na paundi bila kuharibu kazi

Kuna ubishi usioisha kati ya watu wa mita na kilo na watu wa futi na paundi, nitaje upande wangu mapema: mimi ni wa mita na kilo, sababu kila kitu kinaenda kwa kumi kumi, milimita 1000 ni mita, gramu 1000 ni kilo, imeisha hiyo. Kule kwingine inchi 12 ni futi, futi 3 ni yadi, yadi 1760 ni maili, wakia 16 ni paundi, yaani unakariri mpaka kichwa kiume. Ila wanaotetea futi nao wana hoja tusiwanyime haki yao, 12 inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila desimali hata moja, fundi mbao akitaka theluthi ya futi ni inchi 4 kavu, wewe wa mita ukitaka theluthi ya mita unapata sm 33.3 isiyoisha.

Sasa kitu ambacho wabishi wengi hawakijui ni kwamba inchi yenyewe siku hizi inapatikana kwa milimita. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini walikubaliana yadi moja ni mita 0.9144, ndo maana inchi ni milimita 25.4 kamili, sio takriban. Na Marekani tangu 1893 walishaanza kutoa yadi na paundi zao kutoka kwenye mita na kilo. Kwa hiyo mwenye futi na mwenye mita wote wameshika rula moja, na hasara nyingi zinakuja pale mtu anapochanganya hizo mbili kwenye kazi moja bila kujua.

Cha kwanza kabisa, usiandike namba tupu. Andika na kipimo chake, kila mara, hata kama ni karatasi yako mwenyewe. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada ilitakiwa kuruka na kilo 22,300 za mafuta, wakati wa kupiga hesabu wakatumia 1.77 ambayo ni paundi kwa lita, wakati walitakiwa kutumia 0.8 ambayo ni kilo kwa lita, basi ikaondoka na mafuta hayafiki hata nusu. Injini zote mbili zikazima angani. Rubani akaiteremsha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli na watu wote 69 wakatoka hai, lakini angalia chanzo chenyewe, namba ilikuwepo na hesabu ya kuzidisha ilikuwa sawa, kilichokosewa ni kipimo tu. Chombo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kilichopotea kwenye sayari ya Mars mwaka 1999 nacho ni hivyohivyo, programu moja inatoa majibu ya nguvu ya msukumo kwa paundi, nyingine inasoma kama nyutoni, yaani kipimo cha nguvu cha upande wa mita.

Cha pili, kabla hujagusa kikokotoo uliza hiki kipimo ni cha nani. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Painti ni ml 473 kwa Marekani na 568 kwa Uingereza. Tani pia ziko tatu, kuna ya kilo 1000, ya Marekani ni paundi 2000 ambayo ni kama kilo 907, na ya zamani ya Uingereza paundi 2240, kama kilo 1016. Wakia ya kawaida ni gramu 28.35 ila ya dhahabu ni gramu 31.1, hapo ukikosea umepoteza hela kweli.

Ukishajua hayo, namba za kukariri ni chache: inchi sm 2.54, futi sm 30.48, maili km 1.609, paundi (wazee wanaita ratili) kilo 0.4536. Kwa haraka haraka, kilo kwenda paundi zidisha mara mbili halafu ongeza sehemu ya kumi ya jibu, kilo 70 inakuwa 140 jumlisha 14, ni 154, na jibu halisi ni 154.3 hivyo unaona haiko mbali. Ila njia ya haraka ni ya kukagua jibu, usikatie kitu kwa njia ya haraka.

Urefu wa mtu unawapiga chenga wengi sana. Futi 5 na inchi 7 SIO futi 5.7. Badilisha zote kuwa inchi kwanza, 5 mara 12 ni 60, jumlisha 7 ni 67, zidisha kwa 2.54 unapata sm 170. Ukiweka 5.7 kwenye kikokotoo kitakupa karibu sm 174 na hutashtuka, maana inaonekana ni urefu wa kawaida tu.

Eneo nalo lina mtego wake. Futi za mraba hazizidishwi kwa 0.3048, unagawa kwa 10.76. Nyumba ya futi za mraba 1200 ni mita za mraba 111 na nusu hivi, ukitumia ile ya urefu utapata 366 na utanunua vigae mara tatu ya unavyohitaji.

Joto: Farenhaiti toa 32, zidisha 5, gawa kwa 9. Oveni ikisema 350 hiyo ni kama selsiasi 177. Lakini kama unaongelea tofauti, mfano joto limepanda kwa Farenhaiti 18, usitoe 32, zidisha 5 gawa 9 tu, ni selsiasi 10.

Dawa ya mtoto nawaomba sana muwe makini. Mizani nyingi zina kitufe cha kubadili kilo na paundi, mtoto wa kilo 10 itasoma 22, na kama dozi inapigwa kwa kilo na wewe umeandika 22 bila kipimo, mtoto anapewa zaidi ya mara mbili. Mtajie mhudumu uzito pamoja na kipimo, na hakikisha kimeandikwa.

Halafu kuna vitu ambavyo huvibadilishi kabisa, unaviacha vilivyo. Tairi ya 205/55 R16, 205 ni milimita za upana, 55 ni asilimia ya upana ndo kimo cha ubavu, na 16 ni inchi za rimu, zote kwenye tairi moja. Bomba la chuma la nusu inchi ukilipima kwa nje linakaribia milimita 21, kwa hiyo nusu inchi hapo lichukulie kama jina. Na spana ndo usijaribu hata kidogo, ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi (milimita 12.7) inaingia vizuri tu ila inacheza, ukikaza inakula kona za nati na hapo kuifungua tena ni shughuli nyingine, ya 14 kwenye nati ya 9/16 haiingii kabisa, ya 19 na robo tatu ya inchi ndo zinakaribiana sana maana ni 19 na 19.05. Kama unafungua mashine za aina zote mbili nunua seti mbili na uziweke kwenye maboksi tofauti.