Bodi ya gita la umeme: mbao kavu kwanza

Kijana wa jirani hapa Kisumu aliniletea shingo ya gita kuukuu, akaomba nimsaidie kuichongea bodi, yaani kiwiliwili cha gita. Tulifanya hivi.

1. Kuchagua
Soko la Kibuye utapata mbao za mvule, saiprasi na grivilea. Mvule ni imara ila nzito. Ukipiga benga usiku kucha bega litauma. Saiprasi ni laini, skrubu hulegea. Mimi nachukua grivilea. Nunua vipande viwili vya inchi 8 kwa 2, urefu futi moja na nusu, visivyo na vifundo.

2. Kukausha
Muuzaji atakuapia kuwa mbao ni kavu, na kwa juu ni kavu kweli. Bodi yangu ya kwanza niliiunga wiki ileile niliyonunua mbao. Miezi miwili baadaye kiungo kilifunguka, bodi ikajipinda, shingo ikaenda upande. Kazi yote ikapotea.

Sasa napaka rangi ncha zote mbili, kwa sababu maji hutokea hapo haraka na mbao hupasuka. Naweka vipande kivulini penye upepo, vijiti katikati, kamwe si juani wala juu ya jiko. Kila Jumapili naweka kwenye mizani na kuandika uzito kwa penseli kwenye mbao yenyewe. Uzito usipobadilika wiki nne, imekauka. Msimu wa masika uzito unaweza hata kupanda, subiri. Mbao mbichi huchukua takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, yaani hii miaka miwili! Ndiyo maana nakusihi utafute kitanda au meza ya zamani. Yule kijana wa jirani alipata mbao za kitanda. Pitisha sumaku kwanza, misumari huvunja meno ya msumeno.

3. Kuunga
Piga randa kingo hadi ukizikutanisha mwanga usipenye. Paka gundi, bana kwa klempu, acha hadi kesho. Punguza unene hadi milimita 45, kisha kata umbo.

4. Nafasi ya shingo
Fuatisha kisigino cha shingo yako mwenyewe, yaani mwisho wake unaoingia kwenye bodi, usiamini vipimo vya mtu. Chimba kina cha milimita 16. Tumia patasi kali. Ruta, ile mashine ya kuchimba mbao, ikiteleza mara moja umeharibu. Shingo ikae kwa kubana hata kabla ya kutia skrubu.

5. Vanishi
Paka mbele na nyuma siku moja. Upande ukiachwa mtupu utavuta unyevu wa ziwa peke yake, na bodi itajipinda.